‘Jipe moyo, mtumishi’ haitoshi

Jumatatu ndiyo siku ambayo wachungaji wengi huiita siku yao ya mapumziko. Muulize mama mchungaji kama anaijua siku hiyo. Saa kumi na mbili asubuhi simu imeshaita: kuna msiba, mazishi ni Jumatano, na familia inaomba ibada ianze saa sita kamili kwa sababu kuna ndugu wanaowahi basi. Saa mbili yuko kijana sebuleni, anataka barua ya utambulisho aipeleke alikoomba kazi. Saa nne anapiga mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kwa upole kabisa anakumbushia yale mabati. Mchana wanafika mjane na shemeji zake, kila upande umeshika karatasi yake ya shamba, na kila upande una hakika kwamba mchungaji akisikiliza vizuri ataona nani mwenye haki. Jioni ni zamu ya mwenyekiti wa kwaya ya vijana: kwaya kuu waliazima kinanda na hawataki kukirudisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo lililo dogo kwa aliyelileta, na ndiyo maana hayakataliki. Jumanne ukikutana na mchungaji huyo njiani ukamuuliza hali, atakujibu, “Tunamshukuru Mungu.” Nawe utamwambia, “Jipe moyo, mtumishi.” Mnaagana. Adabu imetimizwa, na hakuna aliyemwambia mwenzake kitu.

Sina ugomvi na adabu. Ninachobisha ni imani yetu kwamba kiongozi wa kanisa aliyechoka na mpweke atainuliwa kwa maneno mengine zaidi, wakati maneno ndiyo anayoshinda nayo kutwa, akiyasema na akiyasikiliza. Huyo anahitaji usingizi, chakula kinacholiwa bila haraka, likizo, fedha isiyo ya aibu, na mtu mmoja wa kiwango chake anayeweza kumweleza ukweli bila ukweli huo kufika ofisini. Biblia anayoihubiri inasema hivyohivyo, ila sehemu hizo tunazipita mbio.

Chukua Eliya, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Watu hukumbuka moto wa Karmeli na manabii 450 wa Baali walioshindwa hadharani. Kilichofuata ni kwamba mshindi huyo alipata ujumbe mmoja wa vitisho kutoka kwa Yezebeli, akakimbia mpaka Beer-sheba, akamwacha mtumishi wake hapo, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Yeyote aliyewahi kuendesha mkutano wa injili wa wiki nzima anaijua siku inayofuata: jukwaa linabomolewa, vipaza sauti vinarudishwa vilikokodiwa, na mhubiri amekaa kitandani hajui analia nini. Kuvunjika kwake hakukutokana na kushindwa. Kulikuja baada ya kushinda.

Sasa angalia alivyohudumiwa. Malaika alimgusa, akamwambia ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Hapa ndipo ninapopapenda: hakukemewa kwa kurudi kulala. Malaika alisubiri, akamgusa mara ya pili, akampa chakula tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Swali la utume wake, nalo ni swali gumu, lilikuja baada ya siku 40 za mwendo, kule Horebu. Eliya akajibu kwamba amebaki yeye peke yake. Akaulizwa tena, akarudia jibu lilelile, kama afanyavyo mtu ambaye upweke umeshamkalia kichwani. Ndipo akapewa kazi chache za kufanya, akatajiwa Elisha wa kufanya naye kazi, na mwisho kabisa akaambiwa kwamba wapo 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti.

Wahubiri wetu huipenda ile sauti ndogo ya utulivu ya kule Horebu. Nimeisikia ikihubiriwa tangu utoto. Mkate wa makaa sijausikia ukihubiriwa hata mara moja, labda kwa kuwa ungetuletea gharama.

Mtume Paulo naye, katika barua ya pili kwa Timotheo, hakuandika kama shujaa wa sanamu. Amefungwa. Dema amemwacha. Mara ya kwanza aliposimama kujitetea hakuna aliyesimama naye. Luka peke yake ndiye aliyebaki. Anachoomba si maombi ya jumla. Anamtaka Timotheo mwenyewe, tena aje kabla ya majira ya baridi, na aje na Marko. Anataka joho lake alilolisahau au kuliacha kwa Karpo kule Troa. Anataka vitabu vyake, hasa vile vya ngozi. Mtu aliyeandika mambo makubwa kuliko wote kuhusu neema anamalizia kwa kusema anasikia baridi na amepungukiwa na cha kusoma. Sijui kama sisi tungepata barua ya namna hiyo kutoka kwa askofu wetu tungeiona ya kiroho.

Turudi kwetu. Upweke wa viongozi wa makanisa haushuki kutoka mawinguni, una mahali unapotengenezewa. Katika makanisa yenye maaskofu, iwe KKKT, Anglikana au Moravian, mchungaji hupangiwa kituo na baada ya muda huhamishwa. Utaratibu huo una faida zake, usharika haugeuki kuwa mali ya mtu. Lakini umezaa jambo moja baya: anayetakiwa kumlea mchungaji ndiye huyohuyo mwenye sauti katika kumhamisha. Mkuu wa jimbo akipita na kuuliza, “Baba, hali ikoje hapa?”, jibu hupimwa kwanza. Akisema nyumba inavuja, sawa. Akisema hana tena hamu ya kuhubiri, kwamba Jumapili mbili zilizopita alisoma hubiri la zamani kwa kuwa hakuwa na kitu ndani yake, hajui maneno hayo yatalala faili gani. Kwa hiyo anasema nyumba inavuja.

Washarika nao hawezi kuwaendea. Anayekaa benchi la mbele juzi alikuwa ofisini kwake akilia kuhusu ndoa yake. Mweka hazina ana siri yake, mwalimu wa kipaimara ana yake. Mchungaji anawajua watu 600 kwa undani ambao wao wenyewe hawajuani, na hana hata mmoja anayemjua yeye kwa undani huo. Akijaribu kumwegemea mzee mmoja wa kanisa kama rafiki, wazee wengine wataona kundi limezaliwa. Nimeona baraza la wazee likigawanyika kwa sababu ya mahali mchungaji alipokula chakula cha Krismasi.

Halafu kuna fedha. Watu wetu si wachoyo. Hudhuria mnada baada ya ibada ya mavuno uone jogoo mmoja anavyonunuliwa, akarudishwa mezani, akanunuliwa tena na tena, na mwishowe mtu akamlipia kwa mbwembwe ili apelekwe kwa mchungaji. Siku ya kumpongeza tutashona suti, tutakata keki, tutaimba tukizunguka. Tunajua kutoa hadharani. Hatujui kumuuliza kimya kimya kama karo ya mtoto wake imelipwa. Ujenzi wa kanisa ndio unaomla zaidi: harambee ikifeli, ahadi zisipotimizwa, jina linalotajwa dukani si la kamati ya ujenzi. Ni la mchungaji.

Na bado huyo ana nyumba na hadhi. Mwinjilisti wa mtaa kule kijijini, au katekista wa kigango kilicho mbali na parokia, ndiye hasa anayelishika kanisa la nchi hii mkononi. Padre au mchungaji hufika mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Wiki zilizobaki ni katekista anayezika, anayefundisha watoto, anayeamshwa usiku mgonjwa akizidiwa, na asubuhi anakwenda shambani kwake kama kila mtu kwa sababu posho anayopewa, akipewa, haifiki mwisho wa wiki. Askofu anapokuja, yeye ndiye anayehangaika na maturubai na viti. Kwenye picha ya pamoja hayumo. Alikuwa anatafuta sufuria ya kuazima.

Mama mchungaji ningeweza kumwandikia makala yake mwenyewe. Alikuwa mwalimu au muuguzi, mumewe akahamishwa, akaanza kuhangaika na uhamisho wake halmashauri mpaka viatu vikaisha. Kitenge chake kinajadiliwa, watoto wake wanajadiliwa, ukimya wake unaitwa maringo. Mume ana ofisi ya kufungia huzuni yake. Yeye hana hata hiyo.

Kwa mapadre jambo lina sura nyingine, ila uzito ni uleule. Wakatoliki wanamheshimu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, aliyefika kijiji kidogo cha Ars nchini Ufaransa mwaka 1818 na kufia hapo mwaka 1859. Tunasimuliwa jinsi alivyokaa kwenye kitubio hata saa 16 kwa siku. Hatusimuliwi sana kwamba alijaribu kukimbia parokia yake zaidi ya mara moja. Mwaka 1853, akiwa mzee, alitoroka usiku, na wanaparokia wakamzuia njiani. Walimpenda kweli. Hawakumpunguzia saa.

Nilivyoelewa mimi, Kanisa lenyewe limeona mbali kuliko waumini wake. Sheria ya Kanon ya mwaka 1983, kanuni ya 533, inamruhusu paroko kuwa nje ya parokia kwa mapumziko hadi mwezi mmoja kila mwaka, na siku za mafungo hazihesabiwi humo. Serikali nayo, kupitia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imeweka likizo ya siku 28 kwa mwajiriwa. Mlinzi wa geti la kanisa akienda kwa afisa kazi atazidai. Sasa nenda kwenye kikao cha baraza la wazee uone likizo ya mchungaji iko wapi kwenye ajenda. Kuna kufungua, kusoma muhtasari, yatokanayo, taarifa ya fedha, ujenzi, maandalizi ya mavuno. Likizo ya mchungaji iko kwenye mengineyo. Inafikiwa saa moja usiku, watu wameshashika funguo za pikipiki, na mwenyekiti wa kikao ni mchungaji mwenyewe, anayeona haya kuisema. Mtu mmoja anauliza, “Sasa baba, nani atabariki ile ndoa ya tarehe 14?” Basi, imeahirishwa.

Nitajibiwa kwamba mtume hana likizo na kwamba shetani halali. Ni kweli halali. Lakini Yesu alilala, tena ndani ya chombo kilichokuwa kinaingiwa na maji, na katika Marko sura ya 6, wanafunzi waliporudi kutoka kazini na watu wakawa wengi mpaka hawapati nafasi ya kula, aliwaita waende mahali pasipo na watu wakapumzike. Mpango huo uliharibika, umati uliwatangulia. Hilo mchungaji yeyote atalielewa. Ila mpango ulikuwepo, na aliyeupanga ni Bwana mwenyewe.

Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu mkubwa wa kazini kuwa hali inayotokana na msongo wa kazi usioshughulikiwa, likataja dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuiona kwa kejeli, na kuona huna tena unachokiweza. Ya pili ndiyo inayowatesa watumishi kimya kimya, kwa sababu wanaidhani ni dhambi. Mchungaji anaona jina la mzee fulani kwenye simu na moyo unamkunjamana. Anakaa kwenye maombezi huku anahesabu waliobaki kwenye foleni. Anatunga kichwani majibu makali ambayo hatayasema. Anadhani amepoa kiroho, kumbe amefanya kazi siku 300 mfululizo.

Uchovu wa namna hiyo si sawa na sonona, na hapa lazima tuseme wazi. Sonona ni ugonjwa, una matibabu, na anayeutibu ni daktari. Mei 2024 tulisoma habari za askofu mmoja wa Dodoma aliyedaiwa kujitoa uhai. Familia yake inasoma magazeti kama sisi, kwa hiyo sitarudia yaliyosemwa. Ila nilisikia watu wengi wakibishana kama mtu wa aina hiyo anaingia mbinguni, na wachache wakiuliza watumishi wetu wanamwendea nani wanapozidiwa. Mchungaji anayehitaji kliniki ya afya ya akili anajua kwamba kwenye foleni ile atakutana na msharika wake, na jioni habari zitakuwa zimefika sokoni. Wengine husafiri mkoa mwingine ili watibiwe. Lakini mchungaji huyohuyo akiumwa kisukari tunamchangia dawa.

Tungejifunza kwa Charles Spurgeon, Mwingereza ambaye mahubiri yake bado yanasomwa na wahubiri wetu wengi kwenye simu. Oktoba 1856, akiwa na umri wa miaka 22 na mapacha wachanga nyumbani, alikuwa anahubiri katika ukumbi wa Surrey Gardens jijini London, umejaa maelfu. Mtu akapiga kelele kwamba kuna moto, watu wakakanyagana, saba wakafa. Kijana yule nusura aharibikiwe akili, na huzuni nzito ilimrudia maisha yake yote. Jambo la kumheshimu ni kwamba hakuificha. Katika chuo chake cha wahubiri aliwafundisha vijana somo zima kuhusu kuzimia moyo kwa mtumishi, akawaambia mapema kwamba hali hiyo itawafika na kwamba haina maana Mungu amewatupa. Miaka ya baadaye alikuwa akienda Menton, kusini mwa Ufaransa, kukimbia baridi ya London, na waumini wake wakakubali kukaa bila yeye.

Mkewe, Susannah, mgonjwa asiyetoka sana nyumbani, alifanya jambo ninaloliona kubwa kuliko hubiri. Mwaka 1875 alianzisha mfuko wa kuwapelekea vitabu wachungaji maskini wasioweza kuvinunua. Ni kana kwamba alisoma ombi la Paulo la vitabu vya ngozi akalichukua kama orodha ya manunuzi.

Na hatuhitaji kwenda Ulaya. Afrika Mashariki ina hadithi yake, na ajabu ni kwamba tunaikumbuka nusu. Mwaka 1929 daktari mmisionari Joe Church, wa hospitali ya Gahini huko Rwanda, alifika Kampala akiwa amechakaa. Njaa kali ilikuwa imepita Rwanda, amezika watu wengi, kazi imemshinda na imani yake imekauka. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda mwenye kiu ileile. Mwingereza na Mwafrika, katika zama za ukoloni, wakakaa chini na Biblia zao, wakaomba na kuambiana ukweli kuhusu hali zao. Wanahistoria wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki huanzia hapo. Moto huo ulienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, ukawalea watu kama Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, na Festo Kivengere, aliyefundisha shule Dodoma kabla ya kuwa askofu Uganda.

Tumebaki na nyimbo za uamsho huo na mikutano yake mikubwa. Tulichokiacha ni kiini chake: kikundi cha ndugu kilichokutana kila wiki, ambamo askofu alikuwa ndugu, mpishi ndugu, mmisionari ndugu, na yeyote angeweza kumuuliza mwenzake hali ya moyo wake akajibiwa. Hayo waliyaita kutembea nuruni. Kulikuwa na ubaya wake, sikatai. Wapo walioumizwa na kuungama mbele ya watu wengi mno, na wapo waliogeuka mahakimu. Lakini Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Idi Amin na Kivengere akalazimika kuvuka milima kwa miguu na mkewe Mera kukimbilia Rwanda, hakuwa mtu wa kuanza kutafuta marafiki siku hiyo. Alikuwa nao kwa zaidi ya miaka 30.

Hapa niwageukie viongozi wenyewe, maana si kila upweke umeletwa na sisi. Upo upweke wa kujijengea. Mtu amefungua huduma, bango lina picha yake na ya mkewe tu, cheo kimepanda kutoka mchungaji hadi nabii hadi mtume ndani ya muda mfupi, ana walinzi, na hakuna aliye hai duniani mwenye ruhusa ya kumwambia, “Ndugu yangu, hapo umekosea.” Akiugua lazima afiche, kwa kuwa anaponya. Akiishiwa lazima akodi gari, kwa kuwa anafundisha mafanikio. Namwonea huruma kwa dhati, lakini sitamdanganya: dawa yake inaanza kwa kushuka. Atafute watu watatu wasiomwogopa wala kula kwake, awape haki ya kumuuliza maswali, hata kuhusu fedha.

Wengine si wakubwa hivyo, ila wamejizoesha kuhitajiwa. Mchungaji asiyemwachia mwinjilisti hata mazishi ya mtoto, halafu analalamika hana msaidizi. Musa alikuwa hivyo mpaka Yethro, baba mkwe wake, alipomkuta amekaa kuamua kesi tangu asubuhi mpaka jioni, akamwambia atajimaliza na kuwamaliza watu. Na hata baada ya hapo, katika Hesabu sura ya 11, Musa alifika mahali pa kuomba kufa, akapewa wazee 70 wa kubeba naye mzigo. Naona hata malalamiko yake yalipata jibu la idadi ya watu.

Kwa hiyo tufanye nini? Likizo itoke kwenye mengineyo, iandikwe kwenye kalenda ya usharika mwezi Januari pamoja na jina la atakayeshika kazi, na mwenyekiti wa kipengele hicho awe mzee wa kanisa. Siku moja ya wiki simu ya mchungaji ishikwe na mtu mwingine. Misiba itapokelewa tu. Deni la ujenzi liwe na jina la kamati. Posho ya mwinjilisti ilipwe kabla ya kununua spika nyingine. Vyuo vya theolojia vinavyomfundisha kijana kufafanua Warumi vimfundishe pia kutambua dalili za kuishiwa. KCMC kule Moshi kwa miaka mingi imekuwa ikitoa mafunzo ya huduma ya kichungaji hospitalini, ambapo mtumishi hujifunza kuutazama moyo wake mwenyewe huku akiwahudumia wagonjwa. Majimbo yangeweza kupeleka watu wengi zaidi huko.

Lakini la kumpata mtu wa kuongea naye, hilo ndilo gumu, na nadhani jibu lake limekaa barazani tunalipita kila siku. Wapo wachungaji wastaafu. Wengi wametumika miaka 35 wakiishi nyumba za kanisa, wakastaafu wakiwa na kiwanja na matofali machache. Zamani simu haikutulia, sasa wanaitazama. Wanakaribishwa kutoa baraka ya mwisho kwenye harusi, basi. Hawa wanajua usiku wa kuamkia Jumapili mtu akiwa hana neno. Wanajua mwenye duka la mabati. Na la muhimu kuliko yote, hawana mamlaka ya kumhamisha mtu yeyote, wala hawagombei cheo.

Kila jimbo lingeweza kumpa mstaafu mmoja watumishi wanne au watano wa kuwatembelea kila mwezi, wainjilisti wakiwemo, hata wa madhehebu jirani kama pana maelewano. Asiende kukagua. Aende ale naye, wakae mpaka jioni, na kama mwenyeji anataka kulala saa mbili mgeni akiwa sebuleni anasoma gazeti, alale. Gharama ni nauli, vocha na kilo ya nyama. Halafu jimbo lisiombe taarifa ya walichozungumza, lisitoe hata fomu ya kujaza, maana siku fomu hiyo itakapochapishwa mchungaji atarudi kusema nyumba inavuja.